Punje Nyeusi Zisizotaka Maji

Watu wa Ngumbo, kando ya Ziwa Nyasa, waliniita Mama Upepo, na baadhi yenu mnaosoma maneno haya mmewahi kuniamkia kwa jina hilo njiani bila kujua lilitoka wapi. Kuna waliodhani nauza pampu za baiskeli. Kazi yangu, mpaka magoti yalipogoma nikastaafu, ilikuwa kujaza hewa kwenye mitungi ya wazamiaji. Niliifanya pale ufukweni, kwenye banda la mabati lenye mashine moja tu na kelele za soko zima, na sikuichoka hata siku moja. Mpaka leo kompresa ikinguruma mahali mwili unanisisimka, kama mtu aliyesikia ngoma ya mganda inapigwa kijiji cha pili.

Nasikia wengi wenu mnataka kazi za ziwani: bandarini, kwenye uokoaji, kwenye utalii. Vizuri sana. Nendeni. Lakini mkifika huko mtakuta mtu amekaa pembeni na mashine yake, mikono ina mafuta, hana hadithi za kina kirefu wala papa. Msimpite. Hewa mtakayovuta chini ya maji imepita mikononi mwake.

Mimi ni mtu wa Kitura, wa milimani, mtoto wa kahawa. Baba alikuwa na mashine ya kumenya kahawa yenye injini ndogo ya petroli, na kwa kuwa kaka zangu walikuwa wavivu wa kuamka, injini ile ikawa yangu. Nilijua kikohozi chake, nilijua lini inataka kusafishwa plagi na lini inajidekeza tu. Siku moja niko Mbinga mjini, kwa fundi, nabishana na injini hiyohiyo iliyokataa kuwaka, akatokea mzee mmoja mwenye kofia ya kiua, akasimama kunitazama. Ilipowaka akaniuliza kama kelele zinanikera. Nikamwambia nalala vizuri zaidi zikiwepo. Ndivyo nilivyopata kazi.

Mzee huyo ni Mzee Ramadhani. Alikuwa mtu wa Tanga, na alikuja Nyasa akiwa na kompresa yake juu ya lori baada ya kusikia habari za samaki wetu. Mnawajua, wale wadogo wa buluu, wa manjano, wenye milia, wanaoishi kwenye majabali chini ya maji. Hapa kwetu hakuna anayehangaika kuwakaanga. Lakini mbali huko kuna watu wanaowaweka kwenye matangi ya kioo sebuleni wakawatazama jioni kama sisi tunavyotazama televisheni. Mzee Ramadhani aliajiri vijana wa kuwazamia na kuwakamata kwa vyandarua, wakiwa hai, na yeye akawauzia wasafirishaji. Alikuwa mwenye mali, fundi, na mwalimu wangu, vyote kwa pamoja.

Siku ya kwanza nilimwuliza kwa nini tununue petroli ya kujazia hewa wakati hewa ipo kila mahali bure. Akanijibu, bila kucheka, kwamba hewa ya bure ni ya huku juu.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo penye utamu. Kompresa inavuta hewa ya kawaida kupitia mpira mrefu uliofungwa juu ya mti, mbali na ekzosi. Inaibana, inaibana tena, mpaka hewa ya banda zima inaingia kwenye mtungi mmoja. Na ukiibana hewa, maji yaliyojificha ndani yake yanatoka, kama unavyokamua nguo. Unafungua koki ndogo, yanaruka nje kwa mlio, machafu, yamechanganyika na mafuta. Mtu mvivu wa kufungua koki ile asifanye kazi hii. Baada ya hapo hewa inapanda kwenye mnara wa chuma, na ndani ya mnara kuna kopo la chujio, na ndani ya kopo kuna tabaka tatu. Kwanza punje nyeupe, kazi yake kunywa maji yaliyobaki. Kisha mkaa maalumu, unaokula harufu ya mafuta. Mwisho punje nyeusi.

Punje nyeusi ndizo zilizoniteka. Ni mchanganyiko wa oksaidi mbili, ya manganizi na ya shaba. Ukizimwaga kiganjani utadhani ni mabaki ya jiko. Lakini hizo ndizo mlinzi wa mlango wa mwisho. Injini ya petroli inatoa kaboni monoksaidi, gesi ileile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa ndani. Haina rangi, haina harufu. Ikiingia kidogo kwenye hewa, punje nyeusi inaishika na kuigeuza kuwa hewa ya ukaa, ile tunayoitoa kifuani kila tunapopumua. Haihitaji moto. Punje zimekaa tu, baridi, kimya, na sumu inapita upande mmoja ikitoka upande wa pili si sumu kali tena. Na zenyewe haziishi. Hiyo ndiyo maana ya kichocheo, wanangu: kinafanya kazi, kinabaki kilivyo, kinafanya tena.

Kwa sharti moja. Mzee Ramadhani alinipa sharti hilo mara nyingi kuliko alivyonipa salamu: zikilowa, zinalala. Nilimwuliza kwa nini. Akasema alivyofundishwa Tanga ndivyo hivyo, na yeye hakuwahi kuuliza zaidi. Basi tukaishi hivyo. Makopo mapya yalikaa yamefungwa kwa karatasi ya alumini mpaka saa ya kutumika, na kopo likishafunguliwa halikuachwa wazi hata wakati wa kunywa chai, kwa sababu punje zinakunywa unyevu wa hewa hata ukiwa umezipa mgongo.

Wazamiaji wetu wawili wakubwa walikuwa Gervas, mtu mzima mtulivu, na Stela, msichana wa hapahapa aliyemaliza shule Kigonsera akarudi nyumbani akiwa na hamu ya kila kitu. Stela alikuwa mwanamke wa kwanza kuzamia pwani yetu. Watu walisema walichosema. Wengine walisema ziwa halitamkubali. Yeye alikuwa akipita na mapezi yake ya mpira mkononi, anawaamkia wote, shikamoo huku na shikamoo kule, anaingia majini. Na alikuwa hodari. Gervas mwenyewe alikubali kwamba Stela anamkamata samaki kabla samaki hajajua kuna mgeni.

Masika moja, wiki ya joto la kubana, wale wadudu wadogo wa ziwani walipanda. Mnawajua wanavyotoka, wingu zima linasimama juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua, kisha upepo unawasukuma nchi kavu. Kina mama walitoka na vikapu wakiwapunga hewani, wakawakanda kama mikate na kuwakaanga, furaha tupu. Sisi bandani tuliwafagia, tukaendelea na kazi. Wasafirishaji walikuwa wanangoja mzigo, na samaki wengi walikuwa tayari wamekamatwa, wako kwenye vikapu vilivyofungwa kamba huko chini. Samaki hao hawatolewi ghafla, matumbo yao yanavimba. Unawapandisha kidogo, unawaacha wapumzike, unawapandisha tena.

Asubuhi hiyo nilijaza mitungi kama kawaida. Mvua ilikuwa inajikusanya upande wa milima, upepo unageuka geuka. Stela alichukua mtungi mpya. Gervas alichukua uliobaki wa siku za nyuma. Nawaomba mkumbuke hilo, kwa sababu ndilo lililotaka kutupoteza njia.

Walirudi mapema mno. Gervas alikuwa anapiga kasia kwa nguvu na Stela amelala ndani ya boti. Alikuwa ametapika. Alisema kichwa kinapasuka, na maneno yalimtoka polepole, kama mtu anayetafsiri. Nilimwuliza tuko wapi, akataja bweni la shule. Mzee Ramadhani alikuwa na mtungi mdogo wa oksijeni wa dharura, tukamvisha barakoa yake mara moja, tukampeleka zahanati kwa gari lake. Nesi hakupoteza muda, akaendelea na oksijeni huku akiuliza maswali.

Tuliporudi ufukweni, watu walikuwa wameshatoa hukumu. Malaria, alisema mmoja. Mwingine akasema ni mjamzito. Wengi wakasema yaleyale, mwanamke na kina wapi na wapi, na mama yake Stela, mtu mpole sana, akaanza kulia akisema binti hatagusa maji yale tena. Na ushahidi ulikuwa upande wao. Gervas alikuwa kina kilekile, muda uleule, na ni mzima. Basi tatizo liko mwilini mwa Stela. Hata Mzee Ramadhani alilikubali hilo.

Kisha akamwambia Gervas arudi chini kupandisha vikapu kabla ya dhoruba. Gervas akanyanyua mmoja wa mitungi niliyojaza asubuhi.

Sijui nieleze vipi kilichonipata. Sikuwa na uhakika. Ilikuwa kama unaposikia injini inalia sauti ambayo hujawahi kuisikia, mkono unakwenda kwenye swichi kabla akili haijamaliza kufikiri. Nilikwenda nikaushusha mtungi ule mkononi mwake, nikakaa juu yake. Nilikaa kabisa, na gauni langu la kazi, mbele ya watu.

"Mzee," nikasema, "Stela alivuta mtungi wa leo. Gervas alivuta wa juzi."

Mzee Ramadhani alichukua mtungi mwingine wa asubuhi, akafungua kidogo, akanusa. Akanipa ninuse. Hewa ilikuwa safi, haina hata dalili ya mafuta. Akaniambia kopo la chujio lina siku chache tu tangu nilibadilishe, na muda wake kwa maelekezo ya watengenezaji haujafika hata nusu. Alisema kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye vikapu chini ya maji na mvua milimani.

"Mkaa umekula harufu," nikamwambia. "Kilichomlewesha Stela hakina harufu. Gervas hashuki."

Gervas akaweka mapezi yake chini, akasema kama Mama Upepo hainuki pale, yeye hawezi kumnyanyua. Watu wakacheka, na kicheko kile kilitusaidia, maana Mzee naye akakaa kwenye gogo akauliza tutajuaje.

Hatukuwa na kipimo cha ile gesi. Siku hizi kuna vifaa vinavyolia vyenyewe, sisi hatukuwa navyo. Lakini maji yana uzito. Hilo lilinijia ghafla na nusura nicheke. Kama punje zimekunywa, lazima ziwe zimenenepa. Nikafungua mnara, nikatoa kopo lililotumika, nikachukua na jipya lililofungwa bado, tukaenda na Mzee mpaka kwenye duka la jirani. Mwenye duka alikuwa anapima sukari. Akatupisha. Tukaweka jipya upande mmoja, la zamani upande wa pili.

Mizani ililala upande wa la zamani kama mtu aliyekaa kwenye kitanda kibovu.

Mzee Ramadhani aliweka na kutoa, akabadilisha pande, akaweka tena. Ikalifuata lilelile la zamani. Kopo lenye siku chache tu lilikuwa limekunywa mpaka likashiba. Akarudi ufukweni, akafungua koki za mitungi yote ya asubuhi ile, mmoja baada ya mwingine. Ukanda wote ukajaa mlio, mbwa wakakimbia. Gervas na wavuvi wawili wakaenda kuvuta vikapu kwa kamba wakiwa juu, kwenye mtumbwi, kidogo kidogo, wanangoja, wanavuta. Baadhi ya samaki walikufa. Mzigo uliobaki uliondoka.

Mimi sikuweza kutulia. Kwa nini lilishiba mapema? Nilizunguka mashine nikiishika kila mahali kwa mgongo wa mkono, na nilipofika kwenye mabati membamba ya kupozea, yaliyo nyuma ya feni, nikaona. Yalikuwa yamezibwa. Wale wadudu wa ziwani walikuwa wamevutwa na feni wakakaangwa pale tabaka juu ya tabaka, kama ile mikate ya kina mama. Mashine haikuweza kupoa. Na hewa ya moto, wanangu, inabeba maji mengi kuliko hewa ya baridi. Maji ambayo yangetoka kwenye koki yangu yalipita nayo yakiwa mvuke mpaka kwenye chujio. Punje nyeupe zikanywa zikashindwa. Yaliyozidi yakaangukia punje nyeusi, nazo zikalala. Na upepo wa mvua ulipogeuka, ukarudisha moshi wa ekzosi kwenye mpira wetu wa kuvutia. Kila kitu kimoja peke yake kisingefanya lolote. Vilikutana.

Nilimwita Mzee aje aone. Alikwangua wadudu kwa ukucha, akatazama, akaniuliza kama nimekula. Ndiyo ilikuwa njia yake ya kusema mengi.

Jioni ile Stela alikuwa amekaa kitandani zahanati, anakunywa uji. Nilimweleza yote mbele ya mama yake na majirani waliojaa mlangoni, tena kwa sauti, ili waliosema ziwa limemkataa wasikie vizuri. Mama yake akanishika mkono. Stela yeye alikuwa ameshaanza kuuliza.

"Lakini Mama Upepo, maji yanazifanya nini hizo punje?"

Zikilowa zinalala, ndiyo yote niliyokuwa nayo. Akasema tumfuate mwalimu wake wa kemia.

Basi alipopata nguvu tukapanda basi hadi Kigonsera, makopo mawili, la zamani na jipya, yamefungwa kwenye nailoni mapajani mwangu. Mwalimu wake, Mwalimu Ndunguru, alikuwa mtu mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi. Nilipomaliza kumsimulia alisahau kutukaribisha chai. Alitutoa nje uwanjani, mahali penye upepo, akaazima tyubu ya gari, akaijaza moshi wa pikipiki na hewa ya pampu, akaiacha ipoe. Kisha akatayarisha mirija miwili ya kioo. Wa kwanza ulikuwa na punje nyeupe mbele, za kunywa maji ya moshi, na punje nyeusi kavu kutoka kopo jipya. Wa pili ulikuwa na punje nyeusi zilizolowa. Kila mmoja akauchomeka kipimajoto. Akasema sumu ikigeuka inatoa joto, na joto halisemi uongo.

Tukaminya tyubu kwenye mrija wenye punje kavu. Nilikuwa nimeushika kwa vidole. Mwanzoni hakuna kitu. Halafu ukaanza kupata uvuguvugu, halafu joto, halafu nikauachia, na zebaki inapanda huku Stela ameinama juu yake kama mtu anayemtazama mtoto akitambaa mara ya kwanza. Hakukuwa na moto wala kiberiti. Miaka yote ile kitu hiki kilikuwa kikitokea ndani ya mnara wangu wa chuma, na ilikuwa mara ya kwanza kukigusa.

Tukaminya kwenye mrija wenye punje zilizolowa. Baridi. Tukaminya tena. Baridi.

Mwalimu Ndunguru akatueleza, akichora kwa kijiti mchangani. Akasema kazi yote inafanyika usoni mwa punje, ndani haihusiki, na uso huo una viti. Kaboni monoksaidi ikija inakaa, punje inaimegea oksijeni yake yenyewe, gesi inaondoka ikiwa hewa ya ukaa. Pengo lililobaki kwenye punje linazibwa na oksijeni ya hewa inayopita. Kiti kiko wazi, anakuja mwingine. Lakini maji yanavipenda viti vile kuliko wote.

"Fikirini kanisa letu siku ya Pasaka," akasema. "Maji yamewahi misa ya kwanza, yamekaa, na misa ya pili ikianza hayatoki. Sumu inakuja, haipati pa kukaa, inapitiliza mpaka kifuani kwa Stela."

Akaendelea, na hapa mimi nilikuwa nimeshachuchumaa mchangani na magoti yangu mabovu. Alisema maji mengine hukaa mazima, na mengine yakigusa oksaidi hupasuka vipande viwili, kila kipande kikashika mahali pake, na kuyatoa hayo inabidi kuchoma. Akaweka punje zilizolowa kwenye sufuria juu ya moto, akazikausha sana, akazipoza, akazijaribu. Joto likarudi, si kama la zile mpya, lakini likarudi. Akanionya kwamba hilo ni la somo tu na nisithubutu kumpa mzamiaji punje zilizochomwa upya. Kisha akamwaga dawa ya vidonda, ile hidrojeni peroksaidi, juu ya manganizi oksaidi ya maabara, imelowa chepechepe, na ikatoa povu likamwagika. Maji tele na kazi inaendelea. Kwa hiyo maji si adui wa kila oksaidi, alisema. Kwa kazi nyingine yanazuia, kwa nyingine ndiyo uwanja wenyewe, na wapo wataalamu wanaomaliza maisha yao wakitafuta tone la maji linafanya nini hasa linapotua juu ya uso wa namna ile.

Vijana, mimi nilikuwa mtu mzima mwenye wajukuu. Nilirudi Ngumbo usiku ule sijielewi kwa furaha, namsimulia kondakta habari za viti.

Tulibadilisha mengi baada ya pale. Nilishona chandarua juu ya feni. Kila asubuhi mswaki kwenye mabati, wadudu wawepo wasiwepo. Mpira wa kuvutia hewa tuliurefusha na kuutafutia mahali ambapo upepo wowote ukigeuka hauuletei moshi. Kopo likaanza kupimwa kwenye mizani kila tulipofungua mnara, na msimu wa joto tulilitupa mapema bila kujali maelekezo yanasema nini. Baadaye Mzee alinunua mota ya umeme na kifaa kinacholia sumu ikionekana. Ninyi mtakuta vyote hivyo tayari. Bado punje nyeusi zitakuwa mle ndani, na bado hazitataka maji. Myaguse mabati kwa mgongo wa mkono.

Lakini Stela hakurudi majini. Alikuja bandani kila siku, akapiga mswaki, akafungua koki, akabeba mitungi, na Mzee akimwuliza lini atashuka anatazama miguu yake. Watu wakaanza tena maneno yao. Siku moja tumekaa mlangoni tukila mihogo, akanijibu swali ambalo sikuwa nimemwuliza.

"Mama, ziwa siliogopi. Naogopa mtungi."

Nikamwambia mitungi yote naijaza mwenyewe.

"Na ule ulijaza wewe," akasema.

Hakusema kwa hasira, ndiyo maana lilinifika. Nilitafuna muhogo wangu mpaka ukaisha. Nilitaka kumweleza tena mizani na chandarua na viti, lakini vyote alivijua kama mimi. Alichotaka hakikuwa maelezo. Nikamwuliza basi afanyiwe nini. Akasema, polepole, nijaze mitungi miwili.

Mimi mtu wa Kitura, maji marefu niliyokuwa nimeyazoea ni ya kufika kiunoni. Gervas alinifundisha siku kadhaa kwenye maji mafupi, kupumua kwa mdomo, kusafisha miwani, kutokupiga kelele ndani ya kidomo cha kuvutia hewa. Mzee Ramadhani alikaa kwenye gogo lake akicheka mpaka kofia ikaanguka. Halafu asubuhi moja tulivu tukatoka na boti mpaka karibu na majabali, si kina kirefu, na mimi na Stela tukashuka tumeshikana mkono. Nani alikuwa anamshika nani, sijui.

Niliwaona. Samaki wa buluu wa Mzee Ramadhani, niliowaona kwenye ndoo tu miaka yote ile, walikuwa wametanda juu ya jabali wakichuna mwani kama mbuzi, mamia yao, na jua limewafikia. Na katikati ya kimya kile nilisikia sauti moja, pumzi yangu, inaingia na kutoka. Ile ilikuwa hewa yangu. Niliitoa juu ya banda la mabati, nikaikamua, nikaikausha, nikaipitisha kwenye punje nyeusi, na sasa ilikuwa inanishikilia uhai nikiwa chini ya maji. Stela alinitazama usoni kupitia kioo muda wote, anahesabu labda, anangoja macho yangu yalegee. Hayakulegea. Baadaye kidogo nikahisi mkono wake umelainika ndani ya wangu.

Tulipoibuka nilishika ubavu wa boti, nikatoa kidomo, na neno la kwanza lililonitoka lilikuwa maji. Gervas alishtuka, akadhani nimezidiwa, akaanza kunivuta mabega. Koo lilikuwa limekauka, ulimi umeganda juu ya kaakaa kama wa mtu aliyelima tangu alfajiri. Stela ndiye aliyeelewa. Alicheka, mara ya kwanza tangu siku ile, akamwambia Gervas aache kunivuta, anipe chupa tu. Wazamiaji wote hutoka hivyo, akasema, kama hewa ni kavu sawasawa.

Nikanywa nikiwa ndani ya ziwa, Nyasa yote imenizunguka, na sijawahi kuifurahia kiu kama ile. Nilipomrudishia Gervas chupa na kugeuka kumwambia Stela jambo, hakuwepo. Alikuwa ameshazamia tena.